Kalunde Hakufa Zamani

Nilifika katika mji ule nikiwa na nia ya kuua mtu mmoja tu, tena mtu mdogo, kwa sababu wakubwa wana walinzi na mimi si kijana tena. Jina langu ni Nyamizi. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita kwa hesabu ya kule nilikotoka, ingawa mlangoni mwa mji waliniambia kwamba hesabu hiyo haitumiki huko.

Palikuwa na ubao mkubwa wa mbao, umeandikwa mwaka kwa rangi nyeupe. Niliusoma mara mbili. Ulikuwa mbele ya mwaka wangu kwa karibu miaka mia tatu.

"Usishangae, mama," askari wa mlangoni aliniambia. "Kila mwaka, Siku ya Mji, tunaongeza miaka kumi. Wageni wanapenda mji wa kale."

"Na wewe una umri gani?"

"Mia mbili na sabini." Hakuwa na unywele mmoja mweupe. Hakucheka pia.

Niliingia. Nilipita mitaa ambayo nilizaliwa ndani yake na ambayo haikunijua. Mafundi walikuwa wamepanda ngazi, wanapaka kuta mpya masizi yaliyochanganywa na maziwa mgando, ili ziote ukungu upesi. Mmoja alikuwa akigonga nguzo kwa patasi taratibu, anaitia nyufa, kwa upole wa mtu anayemkuna mtoto mgongo. Nikamwuliza nguzo ina muda gani. "Tangu Jumatatu," alisema, kisha akajirekebisha: "Karne nne."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka thelathini na mmoja ya kulala na hasira haikunifundisha. Nilidhani wenye nguvu huficha makosa yao. La. Kuficha ni kazi ya mwizi wa kuku. Wenye nguvu hulizeesha kosa. Mauaji ya juzi yana mashahidi na yana harufu. Mtu akipita hapo hukunja pua. Yape miaka kumi, yatabaki na mayatima. Yape mia, yatapata wanahistoria, watabishana kama kweli yalitokea. Yape mia tatu, utawekewa kiti kivulini, uletewe chai, usimuliwe, na utasema, lo, kisa kizuri. Ni nani basi anayetawala watu? Anayeshika bunduki, au anayeshika brashi ya kuandikia mwaka?

Niliendelea kutembea. Nilikuwa na mtu wa kuua.

Ziwa lilikuwa palepale. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa uzuri wake. Vilima vitatu vililizunguka kama wazee waliokaa mkao wa shauri. Mayungiyungi yamefumbua macho yake meupe kando ya matete. Ndege wa majini wamesimama mguu mmoja, hawana haraka. Maji hayakuwa na mkunjo hata mmoja. Ukimya wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtu akikohoa ng'ambo ungemwambia pole. Nililichukia. Kitu kilichommeza dada yangu kilipaswa kuwa na makovu, kilipaswa kunuka. Kwa nini kilale usingizi mtamu hivi? Nikainama kunawa mikono. Na maji, badala ya kunirudishia uso wangu, yalinirudishia msichana wa miaka kumi na mitano, ana jani la tete limenasa kwenye nywele, mdomo wazi, hapigi kelele.

Ziwa halikuwa limesoma ule ubao. Nikajiinua haraka kabla msichana yule hajanitazama.

Wageni walikuwa wamekusanywa kwenye baraza ya mawe iliyo juu ya maji, watu ishirini hivi, wanakunywa chai. Mwenyeji wao alikuwa Kasanda, Mkuu wa Mji, mzito, amevaa joho, ufunguo mkubwa unaning'inia kiunoni. Huo ulikuwa ufunguo wa mnyororo uliofunga mitumbwi yote, kwa maana hakuna aliyeingia ziwani bila ruhusa yake. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Na aliyesimama mbele ya wageni, fimbo mkononi, akieleza, alikuwa Luhende.

Luhende ndiye mtu wangu mdogo. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya kobe, lakini mabega yalikuwa yaleyale ya mpiga makasia.

"Miaka mia tatu na kumi iliyopita," alisimulia, "ziwa hili lilianza kukauka. Watu walilia. Ndipo alipojitokeza msichana mmoja mzuri kupita wote, akasema, nipelekeni mimi. Akavaa nguo ya harusi. Akaingia mtumbwini kwa hiari yake, akiimba. Maji yakampokea, na tangu siku hiyo hayajapungua. Tunamwita Bibi Arusi wa Ziwa."

Wageni waliguna kwa utamu. Mama mmoja mnene aliyekaa karibu nami, ambaye baadaye nilijua anaitwa Nyanzala, alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Alikuwa na jina, kaka?" aliuliza.

"Jina limepotea, mama."

"Na ndugu? Hakuwa na ndugu huyu binti?"

"Hakuwa na mtu," alisema Luhende. "Angekuwa naye, angekuja."

Nikaweka kikombe changu chini.

Sasa nieleze yaliyokuwa. Hapakuwa na ukame. Palikuwa na uzio wa seng'enge, ambao Kasanda na wenzake wa baraza la mji waliuzungusha ziwani ili wajenge nyumba za wageni, na wanawake wakaambiwa wateke maji kwenye kisima cha nyuma ya machinjio. Dada yangu Kalunde, mwenye miaka ishirini na miwili, mwenye sauti ya kukwaruza na kidole gumba kilichopinda, aliukata uzio ule kwa panga. Wakaurudisha. Akaukata tena. Mara ya tatu walimkamata asubuhi kweupe, wakawaambia watu waliokuwa ufukweni kwamba wanampeleka ng'ambo kuapishwa. Watu wakasimama, wakatazama, wakaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi zaidi. Wanaume wanne walikuwa mtumbwini. Wawili wameshakufa vitandani mwao. Wa tatu ni Kasanda. Wa nne alipiga makasia.

Mimi nilikuwa ndani ya matete, nakata ya kusukia mikeka. Waliposimama katikati, mbele ya matete yangu, hawakujua kwamba kuna jicho la karibu. Nilimwona Kalunde akifungwa jiwe la kusagia kiunoni. Nilimsikia akiwatukana matusi mazito ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwa mwanamke, matusi ya mama zao na nyanya zao, kwa sauti ya juu, hadi maji yalipomziba. Mimi sikupiga kelele. Mama alikufa akisikitika kwamba mwanawe aliondoka duniani na kinywa kichafu. Mimi nilibaki kuishi na kinywa kilichofungwa. Sijui kipi ni kichafu zaidi.

Nikamwendea Luhende. Nikamwambia nataka kutembezwa ziwani, peke yangu, nimeguswa na kisa cha Bibi Arusi. Alifurahi. Akaomba ufunguo kwa Kasanda, akafungua mtumbwi mmoja, akarudisha ufunguo.

"Umetoka mbali, dada?" aliniuliza tulipoanza kuteleza juu ya maji.

"Mbali kiasi."

"Mimi kazi hii nimeirithi. Babu wa babu yangu ndiye aliyempigia makasia Bibi Arusi. Damu yetu ni ya heshima hapa."

Nilimtazama kwa makini. Hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililonitia baridi. Alikuwa amejihamishia kwa babu wa babu yake, amemvika mikono yake, amemwachia kitendo chake, kisha akatoka humo mtupu na msafi kama kifaranga. Je, mtu akikisahau kisu chake, kisu kinaacha kuwa chake? Na nikimwua huyu asiyekumbuka, nitakuwa nimemwua nani? Nitamwua mjukuu wa uongo. Yule niliyemfuata ataokoka kwa mara ya pili.

Kwa hiyo sikumsukuma, ingawa nilikuwa nimepanga kumsukuma. Tulipofika katikati nikasema, "Nipe makasia, nijaribu kidogo." Akanipa, akicheka. Nikayatupa majini, moja kulia, moja kushoto, kwa nguvu zangu zote.

"We mama! Umefanya nini?"

"Unajua kuogelea?"

"Hakuna anayeogelea hapa. Tangu..."

"Tangu lini, Luhende?"

"Tangu zamani."

"Mimi najua kuogelea. Nilijifunza kwenye mto wa ugenini, nikiwa na miaka kumi na sita, kwa sababu sikutaka kamwe kusimama tena kwenye matete nikitazama. Sasa tazama majini."

"Sitaki."

"Tazama."

Jua lilikuwa utosini. Mtumbwi haukusogea hata unywele. Alishikilia kingo zake, macho ameyapeleka vilimani, na nikafahamu kwamba mtu huyu alikuwa amepiga makasia juu ya maji haya miaka yote bila kuinamisha kichwa. Nikaanza kuutikisa mtumbwi. Kulia, kushoto. Akapiga yowe, akainama ili asianguke, na akaona.

Sijui aliona nini hasa. Ziwa lile humpa kila mtu chake. Lakini nilimwona akiitazama mikono yake kwenye maji, kisha akaitazama mikono yake magotini, kisha tena kwenye maji, kama mtu anayelinganisha funguo mbili.

"Kamba ilikuwa mpya," alisema. "Ilinichubua."

"Ni lini hiyo?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitano."

"Ni lini, Luhende?"

"Miaka... Miaka thelathini na mmoja." Akaniinulia uso, na kwa mara ya kwanza alikuwa na umri wake. "Wewe ni nani?"

"Nyamizi. Mdogo wake Kalunde. Ingawa sasa mimi ni mkubwa wake, nimempita kwa miaka ishirini na minne."

Alijifunika uso kwa viganja. Nikamwacha alie, wala machozi yake hayakunigusa popote. Nilikuwa nimengoja machozi hayo muda mrefu mno, hata yalipofika yalikuwa yamechacha.

"Paza sauti," nilimwambia. "Maji haya yanabeba sauti. Sema alivyokufa, wale wa barazani wasikie."

"Kasanda ataniua."

"Kasanda yuko kule. Mimi niko hapa."

Akasema. Mwanzoni kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Kisha, nilipoushika tena ukingo wa mtumbwi, akapaza. Alitaja jina la Kalunde. Akataja uzio, panga, jiwe la kusagia. Aliwataja wanaume wote wanne na akajitaja wa mwisho. Maneno yake yalitambaa juu ya uso wa ziwa, nami nikaona kule barazani vikombe vinatuliwa, watu wanasimama mmoja mmoja.

Kisha akashusha sauti, akanisemesha mimi tu.

"Kuna jambo hujui, dada. Matete yalitikisika. Kalunde aliona, nami niliona. Kasanda alianza kugeuza shingo, aseme, pale kuna mtu. Ndipo Kalunde alipoanza kututukana. Alitutukana hata tusiweze kutazama kwingine. Kila Kasanda alipotaka kugeuka, yeye alipandisha tusi juu zaidi. Hakuwa na hasira usoni, Nyamizi. Alikuwa kama mtu anayefukuza ndege shambani."

Ndani yangu kulianguka kitu kizito, kirefu, na sikusikia kikifika chini. Miaka yote hiyo nilimwombea asamehewe kinywa chake. Kumbe kinywa kile kilikuwa mlango, alisimama hapo akauziba kwa mwili wake wasinifikie, na mimi nikaokoka. Matusi yale yalikuwa yangu. Ndiyo urithi wangu wote.

Ningeweza kumsamehe Luhende kwa kuniambia hivyo. Wako watu ambao wangemsamehe. Mimi nilizidi kumchukia, kwa sababu alikuwa amekaa na neno hilo, ambalo lingemlaza mama yangu kaburini kwa amani, na akalitupa pamoja na umri wake.

Nikajitosa majini, nikaogelea.

Nyuma yangu alianza kuita. Hakuniita mimi, aliita ufukweni. "Kasanda! Lete mtumbwi! Kasanda, ni mimi!" Nilipotokeza kwenye ngazi za baraza, nguo zinanichuruzika, watu walinipisha. Kasanda aliniona, akarudi nyuma hatua mbili, akakanyaga joho lake. Mimi na dada yangu tunafanana pua na paji, na nilikuwa nimetoka mahali alipomwacha. Lakini wenye nguvu hawaogopi kwa muda mrefu; mara moja akawageukia wageni na tabasamu.

"Mwendawazimu yule," alisema akielekeza kidole ziwani. "Jua limempanda kichwani. Jamani, kaeni, chai inapoa."

"Anaomba mtumbwi," mtu mmoja alisema.

"Hakuna mtumbwi utakaotoka. Mnyororo umefungwa, na mtu akiingia ziwani bila idhini yangu atajibu."

Sauti yake nayo ilibebwa na maji. Luhende aliisikia. Tulimwona akisimama kwenye mtumbwi, ukayumba, akaketi. "Kasanda, mimi nilikupigia makasia!" aliita. "Nimekusimulia miaka yote!" Na hakuna aliyesogea. Wenyeji walisimama ufukweni, mikono wameifunga kifuani, wanatazama. Walikuwa wakitazama kwa namna ileile. Nadhani hata nyayo zao zilikuwa kwenye mashimo yaleyale.

Hapa ndipo kisasi kiliponijia chenyewe, kimevaa, kimenawa, kimeketi mbele yangu kama chakula. Sikuhitaji kuinua mkono. Jua lingefanya kazi yake, kiu ingefanya, woga wake ungemtoa mtumbwini kabla ya jioni. Angeuawa na rafiki zake, palepale, mbele ya watu. Nani angeandika kisasi kizuri kuliko hicho? Nikakaa kwenye ngazi kukitazama. Nilikitazama muda mrefu. Nilikionja.

Na ladha yake ilikuwa ya kitu nilichokijua. Ilikuwa ladha ya tete mdomoni, ya kusimama nikitazama.

Halafu nikaona mbele. Luhende akifa, Kasanda atasubiri Siku ya Mji, ataongeza miaka kumi, kisha kumi. Kutakuwa na Bwana Arusi wa Ziwa. Alimfuata mpenziwe majini, watasema, akiimba. Wageni watafuta macho. Nikashtuka nikasimama. Nilikuwa karibu kumpa Kasanda zawadi.

"Nipe ufunguo," nilimwambia.

"Wewe mwanamke, ondoka hapa."

"Nipe ufunguo, Kasanda."

Alicheka, akaushika kiunoni kwa mkono. Ndipo Nyanzala, yule mama mnene, aliposogea mpaka tumbo lake likagusa joho, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkwe mkorofi, "Baba, kuna mtu anakufa pale nasi tunakunywa chai. Mpe mwenzako ufunguo." Kasanda aliwatazama watu wake. Askari walikuwa wakitazama chini. Mwanamke mmoja wa mjini, ambaye simjui hadi leo, akasema kutoka nyuma, "Mpe." Kisha mwingine. Hawakupiga kelele. Kasanda aliufungua ufunguo kwenye mshipi, akauangusha juu ya mawe ya sakafu ili niuinamie. Niliinama. Kuinama hakujawahi kuniua.

Nilifungua mtumbwi mwingine, nikapiga makasia hadi katikati. Luhende alikuwa amelala chini kwenye mtumbwi, midomo imepasuka. Aliponiona akaanza kulia tena.

"Mungu akulipe, dada. Umeniokoa."

"Sikukuokoa. Nimekunyima ziwa. Ingia."

"Utanifanya nini?"

"Kesho utakwenda kazini."

Nikageuza mtumbwi, nikapiga makasia mpaka ufukweni. Kasanda hakuwapo, nilisikia alitoka kwa njia ya nyuma ya machinjio, hakuna aliyemshika, hakuna aliyemsindikiza. Sikumfuata. Mimi ni mwanamke wa jambo moja kwa siku moja, na siku zake pia zitafika.

Asubuhi baraza ilijaa. Wageni walikuwapo, na wenyeji walikuja pia, wamejipanga nyuma, hawaketi. Nilichukua kiti cha mbele kabisa, magoti yangu karibu yaguse yake. Luhende alisimama, hana fimbo. Akatazama vilima. Nikakohoa. Akatazama maji, akaanza.

"Aliitwa Kalunde. Alikuwa na kidole gumba kilichopinda. Nilimfunga mimi."

Alieleza yote, hakuruka jiwe, hakuruka matusi, wala sababu ya matusi. Ilimchukua muda mrefu kwa kuwa sauti ilimkatika mara nyingi. Alipofika mwisho jasho lilikuwa limelowesha kanzu yote, na watu hawakuguna wala hawakufuta macho. Akanigeukia kama mtu aliyemaliza kubeba mzigo, anaomba kuelekezwa pa kuutua.

"Tena," nikamwambia.